Pazia la Rangi ya Chai

Siku Siwatu alipolikumbuka jina lake, jambo la kwanza alilotamani ni kulisahau tena. Lilimjia akiwa mlangoni pa ukumbi, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na lilimjia kwa shida, kama jina la mtu mliyesoma naye zamani mkapotezana. Huko ndani hakuna aliyemwita Siwatu. Huko alikuwa Zambarau, kwa kuwa pazia lake lilikuwa la zambarau, na huko mtu ni pazia lake, basi, habari nyingine za nini. Lakini aibu haimfuati Zambarau. Aibu ilikuja moja kwa moja ikamwita kwa jina alilopewa na mama yake, na ndiyo maana alisimama pale mlangoni muda mrefu, mkono wake mmoja umemshika bintiye, uso umemshuka.

Tusimharakishe. Kwanza tuione nyumba yenyewe.

Jua la ukumbi ule lilikuwa la saa sita mchana, saa zote. Lilisimama juu ya paa na halikwenda popote, na waliozoea waliacha kuulizana ni saa ngapi. Mapazia yalipangwa safu kwa safu, mbali kuliko jicho linavyofika, na nyuma ya kila pazia aliketi mtu mwenye kikombe cha bati, chai, na kijiko. Pazia lilikuwa na tundu la kupitisha sauti na mkono hadi kiwiko. Uso haukupita. Mtu akiwa na swali, huuliza. Mwenye jibu, hujibu. Jibu likipendeza, wasikilizaji hugonga vijiko kwenye vikombe. Likichukiza, humrushia msemaji machicha ya chai, yale majani yanayobaki chini. Huo ndio ulikuwa utaratibu wote. Walioanzisha waliona unatosha, maana walikuwa wachache, wanajuana kwa sauti, na kilichowaleta kilikuwa kimoja tu: walikuwa na watoto wachanga na hawakujua wawafanyeje.

Siwatu naye aliletwa na hilo. Alikuja na bintiye Mwaka akiwa na siku nne, mtoto analia mpaka sauti inamkauka, akiwekwa kifuani anageuza uso kama aliyetukanwa. Pazia la Siwatu siku hiyo lilikuwa jeupe, kwani wageni wote huanza na jeupe. Aliuliza huku analia. Pazia moja likamjibu, la rangi ya chai, lenye mabaka, rangi nzito chini na hafifu kadiri inavyopanda juu. Siwatu alidhani mwenye pazia ni mtu mwenye jicho la rangi, kalitia nakshi kwa makusudi.

"Mwenzangu, tulia kwanza," sauti ilisema. "Mtoto hajakukataa. Ziwa limejaa mno, limekuwa gumu, hana pa kushika. Weka kitambaa cha moto, ukamue kidogo kwa mkono mpaka lilainike, ndipo umpe. Asipolishika mara ya kwanza usiogope, mpe tena."

Vijiko viwili viligonga, labda vitatu. Siwatu akaenda akafanya kama alivyoambiwa, na Mwaka akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Asubuhi ile Siwatu aliapa kwamba atakaa kwenye ukumbi ule awajibu wengine, kwa sauti ile ile, maisha yake yote.

Sasa niambieni, ukali uliingia lini? Siwatu alijiuliza sana swali hilo, akitafuta siku, akitafuta mlango uliovunjwa, mgeni mwenye kisu. Hakumwona. Alichokiona ni mambo madogo madogo, ambayo kila moja ukiliokota peke yake hulioni kosa. Mama mgeni aliuliza swali ambalo Siwatu alikwishalijibu mara themanini. Themanini, jamani. Mara zote hizo alijibu kwa upole, akapata vijiko vitatu, pengine viwili, pengine kimya. Mara ya themanini na moja alikuwa amechoka, kiuno kinamuuma, na kabla hajajizuia akasema, "Mwenzetu, huko kichwani una masikio au una hereni tu?"

Vijiko vililia hata bati la paa likaitikia. Hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Kilimwingia tumboni, kikashuka mpaka miguuni, kikamtoa uchovu wote. Yule mama mgeni hakusema tena, na Siwatu hakuliona hilo, maana mtu akinyamaza nyuma ya pazia huoni amenyamazaje. Uso ungekuwepo, angeona kidevu kinatetemeka, angesema, "Ah, nakutania, mwenzangu." Tundu la kiwiko halionyeshi kidevu.

Siwatu alirudi kesho yake akiwa amebeba vijembe viwili vilivyoandaliwa nyumbani.

Wengine wakajifunza. Mbona Zambarau anagongewa, sisi tuna nini? Waliokuwa wapole waliendelea kuwa wapole, ila upole wao ulikuwa unazama kwenye kelele, na mmoja mmoja wakaondoka. Hakuna aliyewaona wakiondoka kwa sababu hakuna kijiko cha kuondoka. Na Bwana Shaame, mwenye ukumbi, aliyepita na birika lake kati ya safu kujaza vikombe, aligundua kwamba siku ya ugomvi watu hawanyanyuki kurudi makwao. Chai inanyweka. Bwana Shaame hakumtukana mtu hata siku moja, wala hakumtuma mtu kutukana. Alikuwa na adabu zake. Alichofanya ni kuhamisha mapazia tu. "Bi Zambarau," alisema, "sogea mbele kidogo, watu wanataka kukusikia." Akamsogeza. Tena akamsogeza. Mwisho Siwatu alikuwa safu ya kwanza, na mgeni yeyote aliyeingia alimsikia yeye kabla ya mwingine, akadhani hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyoongea.

Na kuna jambo ambalo Siwatu hakumwambia mtu. Vijiko vyake vilikuwa kumi. Alivifunga kwa uzi kama fungu la mchicha, akawa akigonga kwa ajili ya rafiki inasikika kama watu kumi wamegonga. Alijiona mjanja. Alijiambia ni mzaha tu, nani atajua?

Basi likaja lile pazia jeupe.

"Samahanini jamani," sauti ilisema, ya mwanamke, imepasuka. "Mwanangu ana siku nne. Hanyonyi. Nimejaribu tangu jana. Nimechoka mpaka natamani nimrudishe alikotoka. Nifanyeje?"

Siwatu alilijua jibu. Hapa ndipo mahali ambapo baadaye, kila alipopafikia, alifumba macho. Alilijua, lote, kitambaa cha moto na kukamua kidogo, lilikuwa mdomoni tayari. Lakini jibu lilikuwa la vijiko vitatu. Na nyuma yake, linalisukuma, lilikuwa jingine.

"Mrudishe, dada," alisema. "Risiti unayo?"

Hata sasa ukiwa mkweli utakiri kwamba linachekesha. Ukumbi ulicheka. Vijiko vikalia, vikalia, na sauti nyingine zikadandia: huyo hata ziwa lake limemkinai, huyo apewe mwanasesere, mnazaa za nini kama hamjui. Kisha machicha. Siwatu alikuwa wa kwanza kurusha. Alitoa mkono hadi kiwiko akatupa majani ya kikombe chake, yakapiga pazia jeupe katikati yakateremka. Wakafuata wengine. Chai ilikwenda chini, ikakusanyika kwenye pindo, nyingine ikadondoka sakafuni.

"Nilikuwa nauliza tu," sauti ilisema.

Pazia likavutwa kutoka ndani, likang'oka. Pakabaki pengo kwenye safu, na kupitia pengo hilo ulionekana ukuta. Kisha Bwana Shaame akapita na birika.

Siwatu alipofika nyumbani, Mwaka hakumaliza chakula.

Umri wa Mwaka haukuwa mmoja. Kulikuwa na asubuhi aliamka ana miaka tisa, na asubuhi nyingine aliamka bi harusi, mikono imejaa hina, na Siwatu alimpokea vyovyote alivyokuja. Siku hiyo alikuwa wa miaka tisa, na alisukuma sahani. Siku ya pili aliisukuma bila kuigusa. Siku ya tatu alikaa kwenye kiti cha ukindu na Siwatu akaona, kupitia mkono wa mtoto wake, mistari ya ukindu.

"Mama," Mwaka alimuuliza, "mimi nilinyonya?"

"Ulinyonya, mwanangu. Ulinyonya sana."

"Mbona sikumbuki kushiba?"

Siwatu alijitetea kwa kila namna. Usiku na mchana, kichwani mwake, kipande kipande. *Sikumuua mtu. Nilisema neno moja. Neno moja halina uzito. Wengine walisema mabaya zaidi, nendeni mkawaulize wao. Na yeye kwa nini hakuvumilia? Sisi tulivumilia. Hapana, sisi hatukurushiwa. Mimi nilijibiwa vizuri. Nilijibiwa vizuri na nikalia kwa furaha. Nani alinijibu? Mbona simkumbuki jina? Na huyu mtoto mbona ananiangalia kama anayeaga?* Alikuwa akifika hapo anaanza upya. Siku ya nne alimshika Mwaka mkono, mkono mwepesi usio na habari, wakaenda ukumbini. Na mlangoni ndipo jina lake lilipomjia, kama tulivyosema, akatamani ardhi imfunike.

Bwana Shaame alikuwa anasuuza birika.

"Yule mgeni wa pazia jeupe," Siwatu alimwambia. "Anakaa wapi?"

"Meupe ni mengi, Bi Zambarau. Amekukosea?"

"Mimi ndiye niliyemkosea. Namtafuta nimwombe radhi."

Bwana Shaame akamtazama yeye, akamtazama mtoto. Uso wake ukang'aa kwa wema. "Kwa nini uhangaike na majua haya? Omba radhi hapa hapa, mbele za watu. Nakutolea kiti. Watapenda."

Naye akakubali. Msimlaumu upesi, aliamini kweli kwamba sauti ikiwa kubwa itamfikia yule mwanamke popote alipo. Akaketi katikati ya ukumbi bila pazia, Mwaka mapajani. Akasema alikosa. Akasema alilijua jibu akalimeza. Machozi yalimtoka, ya kweli, na kijiko cha kwanza kikagonga.

Kikagonga cha pili. Vikagonga ishirini.

Ah, ile ladha. Ilimwingia tumboni kama siku ya hereni, ile ile, ikashuka mpaka miguuni. Akasikia sauti yake inapanda yenyewe, inatafuta mahali pa kutetemeka. Akamnyanyua Mwaka juu kidogo, watu wamwone alivyokonda. Vijiko vikazidi. Akaongeza kwikwi moja ambayo haikuwepo.

Hiyo kwikwi ndiyo iliyomkata maini. Aliisikia ikitoka, akaitambua kuwa si yake, akafunga mdomo. Aliona haya mbele ya mtoto wake kuliko alivyowahi kuona haya mbele ya mtu yeyote, na vijiko havikukoma, vilikuwa vinamwambia, endelea, endelea. Akanyanyua uso awaombe wanyamaze. Na kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuwa nyuma ya pazia, aliona nyuma ya mapazia ya wengine.

Waliokuwa wanagonga walikuwa tisa.

Alihesabu mara mbili. Tisa, na kila mmoja ana fungu la vijiko lililofungwa kwa uzi. Mmoja, mzee wa watu mwenye koti safi, alikuwa na fungu kila mkono na jingine kalifunga mguuni. Safu zilizobaki, mamia ya watu, walikuwa wamekaa kimya na vikombe vya chai iliyopoa. Wengine wamelala. Wengine wameziba masikio. Miaka yote alidhani anaupendeza ulimwengu, kumbe anawapendeza watu tisa na yeye mwenyewe wa kumi, na hata yeye alikuwa anajigongea. Akasimama, akamshika Mwaka, akaenda kwa mama mmoja wa safu ya nyuma aliyekuwa na pacha mapajani.

"Mlinisikia, dada?"

"Tulisikia vijiko," yule mama alijibu.

"Na siku ile? Siku ya yule mgeni? Mlikuwa wengi hivi, hakuna hata mmoja aliyesema neno."

Yule mama akampangusa pacha mmoja mdomo, taratibu. "Tungesema, tungerushiwa sisi. Nina watoto wawili, mimi. Nguo nafua kwa mkono." Akaona aibu naye, akatazama chini, na huko chini ndiko alikoonyesha kwa kidole. "Pazia lake lilikuwa linadondoka alipotoka. Fuata matone."

Matone yalikuwepo, ya kahawia, yamekauka kwenye saruji. Siwatu aliyafuata mpaka nje, akavuka uwanja mweupe kwa jua, akapita mitaa ambayo hakuijua na mitaa ambayo ilikuwa mtaa wake mwenyewe kabla haujajengwa. Mkono wa Mwaka ulizidi kuwa mwepesi. Alikuwa hatazami nyuma kwa kuogopa ameshika hewa. "Upo?" aliuliza. "Nipo," Mwaka alijibu, kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine.

Matone yaliishia kwenye mlango wa mbao uliofungwa. Pembeni, kwenye kamba ya nguo, limeanikwa pazia. Halikufuliwa. Chai ilikuwa imeteremka ikakusanyika kwenye pindo: nzito chini, hafifu kadiri inavyopanda juu, yenye mabaka. Katikati palikuwa na baka moja kubwa kuliko yote, na Siwatu aliujua mkono uliolitia baka hilo.

Akaligusa. Akalijua na lile pazia.

Alilijua kwa sababu aliwahi kulitazama akiwa amelia, na Mwaka akiwa na siku nne, na sauti iliyotoka nyuma yake ikamwambia atulie. Miaka haikuwa na mpangilio ukumbini. Mchana ulikuwa umesimama, na watu waliingia na kutoka kwa pande zake zote. Aliyemfundisha yeye alikuwa huyu mwenye pazia hili. Na huyu bado hajafundishwa na mtu, kwa kuwa wa kumfundisha alikuwa Siwatu, na Siwatu alimuuliza risiti.

Ndani alisikika mtoto. Hakuwa analia tena, sauti ilikuwa inakwaruza tu.

"Hodi," Siwatu alisema.

"Nani?"

Sauti ilikuwa ile ile, ila changa zaidi, haijajua kutulia.

"Mimi ndiye Zambarau."

"Ondoka."

"Naondoka. Nikwambie jambo moja kwanza. Usifungue mlango, mama, wala usinijibu. Mtoto hajakukataa." Hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na kijiko hata kimoja, na maneno bila vijiko yalikuwa mazito kuyatoa, moja moja. "Ziwa limejaa mno, limekuwa gumu, hana pa kushika. Chukua kitambaa, kichovye maji ya moto, ukikamue, uweke. Kisha kamua kidogo kwa mkono mpaka lilainike. Halafu mpe. Asipolishika, usiogope. Mpe tena."

Baada ya muda zikasikika hatua, kisha maji yanamiminwa. Siwatu aliketi kizingitini na kungoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kupapasa saruji, wenyewe, unatafuta kijiko, na alipouona unafanya hivyo aliukalia.

Mtoto alilia mara moja, kwa hasira. Akanyamaza. Akalia tena. Kisha ikaja sauti ndogo ya kumeza, ikapotea, ikarudi, ikashika mwendo.

Katika mkono wake wa kushoto vidole vya Mwaka vilikuwa na joto. Vilikuwa na uzito, na uchafu kwenye kucha, na vilikuwa vinambana.

"Mama," Mwaka alisema, "nina njaa."

Siwatu akamvuta karibu. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na sauti ya ndani ilikuwa imesogea karibu nao.

"Siku ile ulikuwa unalijua hili?"

Angeweza kusema amejifunza juzi. Hakuna ambaye angejua.

"Nilikuwa nalijua."

Nyuma ya mbao mtoto aliendelea kumeza. Siwatu alingoja atukanwe, na kwa kweli alitamani atukanwe, apate mahali pa kushika.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe," alisema.

"Mimi sijui kitu."

"Najua."

Akasikika akimhamisha mtoto upande wa pili. "Kule ukumbini," sauti iliuliza, "bado kuna wageni wanaouliza?"

"Wapo. Wanaingia kila siku." Akajilazimisha kumaliza. "Na sisi bado tupo safu ya mbele."

Mlango ukafunguka kidogo, upana wa mkono. Mkono ukatoka, hadi kiwiko, kiganja kimefunguliwa.

"Nipe pazia langu."

Siwatu aliinuka akalianua kwenye kamba. Lilikuwa limekakamaa kwa sukari ya chai, na majani yake mwenyewe yalikuwa bado yameganda katikati. Alilishika asijue alitoe vipi.

"Nikufulie kwanza?" aliuliza.

"Acha," mwanamke alisema. "Nipe hivyo hivyo."

Akampa. Mkono ukarudi ndani na mlango ukafungwa.